Mahali pa Kulala: Kambi, Mapango na Vibanda katika Historia ya Kupanda Ruwenzori

Utangulizi

Historia ya milima mirefu ya Afrika imezoea kuandikwa kama historia ya vilele. Hutajwa mtu aliyefika juu, siku aliyofika na jina alilokipa kilele. Mahali alipolala usiku uliotangulia, na watu waliompatia moto, maji na chakula mahali hapo, hutajwa kwa mstari mmoja au hupitwa kimya. Makala haya yanaifuata historia hiyo kutoka upande wa pili. Yanachunguza jinsi safari za Ruwenzori zilivyopangwa tangu mwaka 1889, na yanajaribu kuonyesha kwamba aliyefika na aliyerudi njiani walitenganishwa hasa na mpango wa kulala: nani alijua jabali lenye ukavu, nani alihesabu posho, na nani aliubeba mzigo hadi hapo.

Ruwenzori ni safu ya milima iliyoko mpakani mwa Kongo na Uganda, kati ya Ziwa Edward na Ziwa Albert. Urefu wake ni kama kilometa 120. Tofauti na Nyiragongo au Karisimbi, haikuzaliwa na moto wa volkano. Ni pande kubwa la miamba ya kale lililoinuliwa kando ya Bonde la Ufa. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina meta 5,109, na katika Afrika hupitwa na Kilimanjaro na mlima Kenya tu. Sifa yake kuu kwa msafiri, hata hivyo, ni maji. Mvua na ukungu huifunika sehemu kubwa ya mwaka, na vipindi vya nafuu ni viwili tu: Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Katika mlima wa namna hiyo, mahali pakavu pa kulaza mwili ni mali.

1. Hesabu ya msafara

Kabla ya kuufikia mlima, yafaa kukumbuka elimu iliyoletwa chini yake na misafara ya karne ya 19. Misafara ya pwani ilikuwa na utaratibu uliokamilika, na msamiati wake ulikuwa wa Kiswahili. Kirangozi alitangulia na kuijua njia. Nyampara aliwasimamia wapagazi na kugawa posho. Mzigo ulipimwa kwa frasila, na mtu alibeba karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mwendo wa siku haukuhesabiwa kwa umbali peke yake. Ulihesabiwa kwa maji: kituo kiliwekwa penye kisima, kijito au kijiji. Pale ambapo maji yalikuwa mbali mno kwa mwendo wa siku moja, msafara ulifanya terekeza: watu walikula na kunywa mchana, wakatembea alasiri yote, wakalala pasipo maji, kisha wakaendelea alfajiri hadi kisima cha pili. Neno hilo moja lina ndani yake mpango mzima wa safari.

Elimu hiyo ndiyo iliyofika Ruwenzori pamoja na safari ya Stanley ya kumtafuta Emin Pasha (1887–1889). Watu zaidi ya 600 waliandikwa Unguja, wakazungushwa kwa meli hadi mlango wa mto Kongo, wakapandishwa mtoni, na waliosalimika wakavuka msitu wa Ituri. Tarehe 24 Mei 1888, karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja alimwonyesha Stanley mlima uliosemwa kuwa umefunikwa na chumvi. Maelezo hayo hayakuwa ya kuchekesha. Katika nchi iliyojua biashara ya chumvi ya Katwe, kitu cheupe kilicholala juu ya jiwe kilikuwa na jina la karibu. Jambo kama hilo lilikwisha tokea Kilimanjaro mwaka 1848, ambapo kiongozi wa mmisionari Rebmann aliuita weupe ule kwa neno moja tu, baridi.

Wenyeji wa mlima wenyewe, Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande, au Wayira, wa upande wa Kongo, ambao ni ndugu kwa lugha na asili, hawakuwa na shida ya jina. Theluji kwao ni nzururu, na huko juu ndiko yaliko makao ya Kitasamba. Hawakuwa na sababu ya kupanda hadi kwenye barafu. Lakini chini ya barafu waliijua nchi vizuri, kwa kuwa walikuwa wawindaji wa pimbi, mnyama mdogo wa miambani ambaye ngozi yake ilishonwa kuwa vazi la kuzuia baridi. Mwindaji aliyepanda na mbwa wake kwa siku kadhaa alihitaji mahali pa kulala. Alipapata chini ya majabali yaliyoinama, penye ardhi kavu na kuni za karibu. Mtandao huo wa majabali ulikuwa tayari kabla ya mgeni yeyote kuja, na ndio uliokuwa ramani ya kwanza ya malazi ya Ruwenzori.

2. Safari zilizorudi, 1889 na 1891

Jaribio la kwanza la mgeni lililoandikwa ni la luteni William Stairs, msaidizi wa Stanley. Ndiye yule ambaye baadaye aliongoza safari ya Katanga ambamo Mwami Msiri aliuawa, Desemba 1891. Tarehe 6 Juni 1889 Stairs alianza kupanda kutoka upande wa Semliki pamoja na Wazanzibari wapatao 40. Emin Pasha, aliyetoka pamoja naye, alirudi mapema. Wengine walilala usiku mmoja mlimani, na siku ya pili wakafika kimo cha futi 10,677, yaani kama meta 3,250. Mbele yao walikiona kilele chenye theluji, lakini kati yao na hicho palikuwa na makorongo makubwa, kazi ya siku moja na nusu nyingine. Hawakuwa na chakula wala nguo za kuwatosha kulala tena. Wakarudi, wamebeba mimea ambayo Emin aliitambua na kuiorodhesha.

Ni rahisi kuliona jambo hilo kama kushindwa kwa mtu mmoja. Ukweli ni kwamba Stairs alikuwa na mpango wa kutembea na hakuwa na mpango wa kulala. Wazanzibari wale walikuwa mabingwa wa msafara, lakini elimu yao ilikuwa ya nchi kavu na yenye joto, ambako adui alikuwa kiu. Huku juu maji yalitiririka kila upande na adui alikuwa baridi. Terekeza, inayomwezesha mtu kulala pasipo kituo na bado kuamka mzima, haina kazi mahali ambapo kulala pasipo moto na pasipo paa ni hatari.

Miaka miwili baadaye, Juni 1891, Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kutoka upande huohuo wa magharibi kwa bonde la Butahu. Alipita msitu, mianzi, na miti ya erika iliyovaa kuvumwani kama ndevu, hadi akazidi kidogo meta 4,000. Yeye ndiye aliyeeleza kwa mpangilio jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda. Baridi na upungufu wa vifaa vilimrudisha kabla ya barafu.

Kati ya safari hizo mbili palitokea kisa kingine kinachofaa kulinganishwa, ingawa ni cha mlima mwingine. Tarehe 6 Oktoba 1889, miezi minne tu baada ya Stairs kurudi, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro. Meyer alikuwa amerudishwa na mlima huo katika safari yake ya kwanza. Alichobadilisha mwaka 1889 kilikuwa mpango wa kambi. Aliweka makao chini Marangu, kambi ya kati kando ya msitu, na kambi ya juu kwenye kimo cha zaidi ya meta 4,300, na wapagazi wakapanda na kushuka kwa zamu kuleta chakula na kuni. Mtu mmoja, Mwini Amani wa Pangani, alikaa naye kwenye kambi ya juu siku zote za majaribio. Kwa sababu hiyo Meyer aliweza kushindwa siku moja na kujaribu tena siku nyingine bila kuuacha mlima. Kambi ya juu ilimpa kitu ambacho Stairs hakuwa nacho, yaani nafasi ya kungoja.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Tuseme mpagazi wa mlimani anabeba kilo 20 na anakula kilo moja kwa siku. Akipanda siku nne na kushuka siku tatu, amekula kilo saba. Mzigo unaobaki kwa ajili ya msafara ni kilo 13. Akilazimika kungoja juu siku sita kwa sababu ya mvua, amekwisha kula 13, na kinachobaki ni saba tu. Kwa hiyo kila siku ya kungoja inaliwa kutoka mgongoni. Njia za kuiepuka hesabu hiyo ni mbili: kuweka akiba mahali pakavu juu mlimani, au kuwarudisha wapagazi chini na kuwaita tena. Zote mbili zinahitaji kituo.

3. Jabali la Bujongolo, 1906

Mtu aliyeitatua hesabu hiyo Ruwenzori alikuwa Luigi Amedeo wa Savoia, Mtawala wa Abruzzi, mwaka 1906. Wengi wamemweleza kwa utajiri wake, kwa viongozi aliowaleta kutoka milima ya Alps, na kwa picha za Vittorio Sella, ambazo hata leo hazijapata mpinzani. Yote hayo ni kweli. Lakini msingi wa kazi yake ulikuwa jabali. Katika bonde la Mobuku, upande wa Uganda, kwenye kimo cha karibu meta 3,800, pana mwamba mkubwa ulioinama uitwao Bujongolo. Waliotangulia kupita bonde hilo walikwisha kulala hapo, wakipelekwa na Wakonzo. Mtawala alipageuza kuwa makao makuu ya juu. Hapo akiba iliwekwa, picha zilitengenezwa, na vikundi vidogo vilitoka na kurudi.

Tarehe 18 Juni 1906 alifika kilele ambacho alikiita Margherita, kwa heshima ya malkia wa Italia. Kwa majuma machache safari yake ilipanda vilele 16 na kuchora ramani ya milima sita yenye barafu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi wa Savoia. Wakati wote huo njia ya kutoka bondeni hadi Bujongolo iliwekwa hai na wapagazi wa Kikonzo waliopanda na kushuka peku katika matope na mizizi. Viongozi wa Alps wametajwa kwa majina katika taarifa za safari hiyo, na ndivyo ilivyopasa. Wakonzo wametajwa kwa jina la kabila.

4. Vituo vya magharibi

Kwa robo karne hivi wapandaji walifuata zaidi upande wa mashariki. Upande wa Kongo ulifunguliwa kwa utaratibu na safari ya kisayansi ya Ubelgiji ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Xavier de Grunne. Ndani yake walikuwamo wapandaji kama Walter Ganshof van der Meersch na Pierre Solvay, pamoja na wataalamu, miongoni mwao Lucien Hauman wa mimea na Paul Michot wa miamba. Walifika Margherita kutokea magharibi, wakapanda kilele jirani walichokiita Albert kwa jina la mfalme wao, ambaye mwenyewe alikuwa mpanda milima na alikufa kwa kuanguka mwambani mwaka 1934.

Urithi wa kudumu wa safari hiyo haukuwa vilele. Ulikuwa njia kutoka Mutwanga na mahali pa kulala kando yake, ambapo baadaye vibanda vilijengwa. Cha kwanza ni Kalonge, karibu meta 2,100, ndani ya msitu. Cha pili ni Mahangu, karibu meta 3,300, mianzi ikiwa imekwisha na erika imeanza. Cha tatu ni Kiondo, karibu meta 4,200, katika nchi ya senesio na lobelia kubwa. Cha nne, kidogo kuliko vyote, kiko juu zaidi kando ya mawe na kokoto zilizosukumwa na barafu, na kwa Kifaransa kimeitwa Moraine kwa sababu hiyo. Ukiviweka vibanda hivyo juu ya maelezo ya Stuhlmann ya mwaka 1891, utaona kwamba kila kimoja kimesimama katika ukanda wake wa mimea. Kila ukanda una kuni zake, matope yake na baridi yake, na mwendo wa kuvuka ukanda mmoja kwa mtu mwenye mzigo ni siku moja.

Jambo hilo la mwisho ndilo ufunguo. Umbali kati ya vibanda vya magharibi ulipimwa kwa miguu ya mpagazi: mtu aliyetoka kwenye joto la Mutwanga asubuhi, mwenye mzigo, ambaye lazima afike kabla ya giza na apate kuwasha moto. Upande wa Uganda, ambako klabu ya wapanda milima ya nchi hiyo ilijenga vibanda katika miaka ya 1940 na 1950, kipimo kilikuwa hichohicho. Huko, kwa miaka mingi, kazi ya kuwapanga wapagazi na viongozi ilikuwa mikononi mwa John Matte wa Ibanda, ambaye jina lake limepewa kibanda kimoja.

Kwa mwili wa mpandaji, kipimo hicho ni kikali. Kanuni inayofuatwa na waganga wa milimani siku hizi ni kwamba mtu akipita meta 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya meta 500 kwa siku. Kutoka Kalonge hadi Mahangu ni meta 1,200 hivi, na kutoka Mahangu hadi Kiondo ni 900. Anayefuata vibanda usiku kwa usiku bila kupumzika anajitafutia maumivu ya kichwa, kichefuchefu na, kwa bahati mbaya, maji mapafuni. Ndiyo sababu mpango mwema wa upande wa Kongo hutenga siku ya ziada Kiondo kabla ya kuendelea juu. Siku hiyo haikupotea. Inafidia tofauti kati ya kipimo cha mzigo na kipimo cha damu. Anayepanga safari bila kujua kwa nini vibanda viko pale vilipo, ataiondoa siku hiyo kwanza atakapotaka kupunguza gharama.

5. Mpaka, hifadhi na majina

Mwaka 1910 Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani zilipatana kuhusu mipaka ya eneo hili, na mstari ukapita juu ya kilele cha Ruwenzori. Matokeo yake kwa msafiri ni ya ajabu. Mlima mmoja ukapata njia mbili, vibanda vya namna mbili na idara mbili, vyote vikikutana mahali pasipo na mtu, kwenye barafu. Wawindaji wa zamani hawakuujua mstari huo.

Upande wa Kongo, Hifadhi ya Taifa ya Albert iliundwa mwaka 1925, na kufikia mwaka 1935 ilikuwa imepanuliwa hadi kuufunika mteremko wa Ruwenzori. Mwaka 1969 iliitwa Virunga. Hifadhi ililinda msitu, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini pia ilipiga marufuku uwindaji, na kwa hiyo ikakata kazi ile iliyokuwa imezaa ujuzi wa malazi. Mtu aliyekuwa mwindaji alirudi kwenye majabali yaleyale akiwa mpagazi wa ujira, chini ya kapita. Alitumia elimu yake kwa ruhusa ya mwingine. Lugha ya kazi kati ya mgeni, mlinzi na mpagazi ilikuwa Kiswahili, kama ilivyokuwa katika misafara: mzigo, posho, kambi, zamu.

Majina yanasimulia historia hiyo kwa uwazi kuliko taarifa. Vilele vimeitwa Margherita, Alexandra, Albert, Elizabeth, Elena. Milima imeitwa Stanley, Speke, Baker. Lakini mahali pa kulala pameitwa Kalonge, Mahangu, Kiondo. Na ng'ambo ya pili, Nyabitaba, Bujuku, Kitandara, Bujongolo. Aliyefika kileleni mara moja alikipa jina la mfalme wake na akaenda zake. Waliolala jabalini mwaka baada ya mwaka walipaita kwa lugha yao, na mgeni hakuweza kubadilisha jina hilo kwa kuwa alilihitaji ili apelekwe. Mtu hawezi kumwambia mpagazi amngoje mahali ambapo mpagazi hapajui kwa jina.

Wako wachache wasiofuata kanuni hiyo, nao ni ushahidi zaidi. Kibanda cha juu kabisa upande wa Kongo kinaitwa Moraine, na cha juu kabisa upande wa Uganda kinaitwa Elena. Hivyo viwili viko pale ambapo mwindaji hakuwa na kazi, kwa kuwa pimbi hawali barafu. Mtu angeweza kuchora mstari juu ya Ruwenzori kwa majina ya vibanda tu: chini ya mstari ni nchi ya watu wanaorudi, juu yake ni nchi ya watu wanaopita. Kilimanjaro iliwahi kuwa na hali tofauti, kwa kuwa utawala wa Kijerumani uliviita vibanda vyake Bismarck na Peters. Baadaye majina hayo yaliondolewa, na vibanda vikaitwa Mandara na Horombo, kwa majina ya watawala wa Kichaga. Ruwenzori haikuhitaji marekebisho hayo.

6. Milima iliyofungwa

Mpango wa safari una sharti moja ambalo hakuna kitabu cha mwongozo kinachoweza kulitimiza, nalo ni amani. Kitabu kikuu cha wapandaji wa Ruwenzori, cha Henry Osmaston na David Pasteur, kilitolewa mwaka 1972. Kinaeleza njia za pande zote mbili kwa uangalifu mkubwa. Lakini hata kabla yake, tangu mwaka 1962, mlima ulikuwa ngome ya vuguvugu la Rwenzururu upande wa Uganda, na vita hivyo havikwisha hadi mwaka 1982. Kwa wafuasi wa Isaya Mukirane, kujua mahali pa kulala kulikuwa silaha: majabali yaliyowahifadhi wawindaji na wapandaji yaliwahifadhi wao.

Baada ya mwaka 1996 mlima ulitumiwa na waasi wa ADF. Hifadhi ya upande wa Uganda, iliyoundwa mwaka 1991, ilifungwa mwaka 1997 na kufunguliwa tena mwaka 2001. Wenyeji wa bonde la Mobuku walikuwa wamekwisha kuunda shirika lao la kuwahudumia wapandaji mwaka 1987, na kwa hiyo ujuzi ulikuwa na nyumba ya kurudi. Upande wa Kongo haukupata bahati hiyo. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, na mashambulio yaliyofuata katika wilaya ya Beni, yakiwamo yale yaliyoigusa nchi ya Mutwanga mwaka 2020 na 2021, yamekatiza kazi ya upandaji mara kwa mara. Katika Hifadhi ya Virunga nzima, walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini tangu ilipoundwa. Kibanda kisicholalwa huoza upesi katika mvua ile. Na ujuzi usiotumiwa huoza pia, kwa kuwa hufundishwa kwa kutembea.

Wakati huohuo barafu yenyewe inaondoka. Mwaka 1906 ilifunika zaidi ya kilometa mraba 6. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini kidogo ya kilometa mraba 1. Jean de Heinzelin, mtaalamu yuleyule aliyechimbua mfupa wa Ishango mwaka 1950, alikwisha pima katika miaka hiyo ya 1950 jinsi barafu ya Stanley ya magharibi ilivyokuwa ikirudi nyuma. Leo iliyobaki iko hasa kwenye mlima Stanley. Kibanda cha Moraine kiliwekwa kuwa mlango wa barafu, na mlango huo unahama kila mwaka. Itafika siku ambapo jina lake litakuwa kumbukumbu ya mahali barafu ilipokuwa, kama jiwe la mpaka wa shamba ambalo mwenyewe amekufa.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, safari za Ruwenzori zilizorudi njiani zilirudi kwa kukosa mahali pa kulala na pa kungoja, na ile iliyofaulu mwaka 1906 ilifaulu kwa kulikalia jabali ambalo wenyeji walilijua. Pili, vituo vya vibanda vya magharibi ni kipimo cha mwendo wa mpagazi. Anayetaka kupanga safari kwa usalama lazima akijue kipimo hicho, kisha akisahihishe kwa siku ya kupumzika. Tatu, majina ya mahali pa kulala yamehifadhi historia ambayo majina ya vilele yameificha.

Kutokana na hayo, kazi moja iko wazi mbele ya idara za Kiswahili, historia na jiografia za vyuo vikuu vya mashariki ya Kongo. Wazee waliobeba mizigo kati ya Mutwanga na Kiondo kabla ya vita wanapungua. Kwao yamo majina ya majabali ambayo hayamo katika ramani yoyote, maana ya majina hayo katika Kinande, na msamiati wa Kiswahili cha mlimani, ambao kamusi hazijaupokea. Kazi ya kuwasikiliza haihitaji kupanda mlima, wala haingoji njia ifunguliwe. Inaweza kufanyika Beni, Butembo na Mutwanga, kila mahali wazee hao walipokimbilia. Siku amani itakaporudi, vibanda vitajengwa upya kwa mbao na mabati, na fedha zake zitapatikana. Lakini fundi atauliza kwanza pa kuvijenga, na jibu la swali hilo liko kwa watu wachache ambao bado hawajaulizwa.